Staa Amcharaza Punda Kilosa, Awarushia Ndizi Nyani wa Mikumi: Hii Siyo Kiki, Ni Aibu

Wadau, kile kichupa cha sekunde tisini kimeshazunguka kila kona, na kama hujakiona basi bando lako limekata. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni ila miwani yake inajulikana mpaka Mbagala, alipanda SGR na timu yake kutoka Dar, wakashuka Kilosa, wakakodi punda wa mama mmoja mfugaji ili washuti video ya wimbo mpya. Wazo lenyewe lilikuwa hivi: staa yuko juu ya punda, anavuka kijito, jua linazama nyuma ya milima, mapenzi yanaendelea. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Punda akafika ukingoni mwa maji, akagoma.

Kilichofuata ndicho kilicholeta kasheshe. Staa akashuka, akaomba fimbo, akamtandika yule punda mgongoni mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, jamaa wa kamera anacheka na mwingine anahesabu kwa sauti kama refa wa masumbwi. Punda hakusogea hata hatua moja. Masikio nyuma, miguu minne imesimikwa kama nguzo za Tanesco. Mama mwenye punda anasikika kwa mbali: "Mwache kwanza, mwanangu. Huyo anaogopa maji, siyo mbishi." Staa anamjibu bila hata kugeuka: "Mama, mnyama haendi bila kiboko." Na sentensi hiyo hiyo ndiyo aliyoiweka kapsheni, na vikatuni sita vya kucheka.

Haikuishia hapo. Sehemu ya mwisho ya kichupa wako kwenye barabara kuu ndani ya Hifadhi ya Mikumi, gari limepaki pembeni, nyani wanakuja mbio, staa anarusha ndizi moja moja dirishani mpaka dume moja linapanda juu ya boneti. Shangwe, kelele, "tumepata shoti!" Mwisho wa kichupa.

Ndani ya saa chache akajitokeza dada mmoja wa mjini, naye jina kapuni, yule ambaye nusu ya picha zake yuko juu ya farasi amevaa buti ndefu. Akamshukia staa na posti ya kurasa saba. Hoja yake: fimbo ni ushamba, dunia imeshahamia kwenye klika, angempa yeye yule punda dakika tano tu na kile kidude chake, punda angevuka anacheza. Team staa nao hawakulala. "Mambo ya Wazungu hayo." "Kilosa siyo Dubai, bana." "Klika nunua umfundishe mumeo." Hiyo ya mwisho ilichekesha, ukweli usemwe. Ila baada ya siku mbili za kurushiana maneno, hakuna hata upande mmoja uliosema jambo la maana kuhusu punda.

Sasa tuanze na team staa, maana wao ndio wamekosea zaidi.

Klika ni kidude kidogo kinachoenea kiganjani, ndani kina kipande cha bati. Ukikibonyeza kinalia "tik". Basi. Hakina betri wala hakihitaji chaji. Kazi yake ni moja tu, kumwambia mnyama kwamba alichofanya sekunde hii hii ndicho kinachotakiwa, malipo yanakuja. Kwanza mnyama anafundishwa kwamba tik maana yake chakula: tik, ndizi, tik, ndizi, mpaka akisikia tik anageuza shingo kutafuta ndizi ilipo. Hapo mmeshakuwa na lugha. Akifanya sawa, hata robo tu ya kinachotakiwa, tik. Akikosea, kimya. Hapigwi, hazomewi, ila halipwi.

Asili yake kweli ni Marekani, kwenye maabara ya mwanasaikolojia B. F. Skinner. Wanafunzi wake wawili, mume na mke, Keller na Marian Breland, waliitoa maabara miaka ya 1940 wakaanza kufundisha wanyama kibiashara. Miaka ya 1960 Karen Pryor akaitumia kwa pomboo. Na hapo pa pomboo ni pazuri kupaelewa, kwa sababu pomboo huwezi kumfunga kamba wala kumkimbiza na fimbo. Ukimkera anazama, kazi imeisha. Ilibidi itafutwe njia ambayo mnyama mwenyewe anataka kufanya kazi. Kwa farasi ilichelewa kidogo. Kitabu cha Alexandra Kurland kilichowafungulia njia watu wa farasi kilitoka 1998.

Kwa hiyo ni mambo ya Wazungu? Hebu twende taratibu.

Treni aliyopanda staa, kabla ya kufika Kilosa, ilisimama Morogoro. Pale Morogoro mjini, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA kwa waliosoma, tangu mwaka 2000 kuna shirika linaitwa APOPO. Lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1997 na Bart Weetjens, jamaa aliyekuwa anafuga panya tangu utotoni. Kazi yao ni kumchukua panya buku, yule yule ambaye shambani anakimbizwa na mapanga, wamfundishe kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Wanatumia nini? Klika. Ndizi na klika.

Panya anaanza akiwa mdogo kabisa, wiki chache tu tangu azaliwe, anazoeshwa kushikwa na watu, kelele, harufu za nje. Halafu tik na chakula. Halafu anafundishwa kutofautisha harufu ya baruti na harufu nyingine zote: akisimama kwenye ya baruti, tik, kwenye nyingine, kimya. Baadaye anatolewa nje uwanjani, amefungwa kamba, anatembea mstari hadi mstari, akinusa kitu anaparua ardhi. Inachukua kama miezi tisa na zaidi, na kabla hajapelekwa popote anapewa mtihani, akifeli haendi. Wakufunzi wanaoshika klika hizo kila asubuhi ni Watanzania, vijana na kina mama wa hapo hapo Morogoro. Nadharia imetoka nje, sawa. Panya ni wetu, mikono ni yetu, na ufundi una miaka zaidi ya 20 ndani ya mkoa ule ule ambao Kilosa ni wilaya yake.

Matokeo yake siyo ya kubishana. Panya mwenye kilo moja na ushee hana uzito wa kulipua bomu. Anamaliza eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi kwa nusu saa hivi. Mtu mwenye mashine ya kutambua chuma anaweza kutumia mpaka siku nne, kwa sababu mashine inalia kwa kila msumari na kila kifuniko cha soda, panya anajali baruti tu. Walifanya kazi Msumbiji mpaka nchi ile ikatangazwa haina tena mabomu ya ardhini mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alipelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza, panya wa kwanza duniani kupewa. Alikufa Januari 2022 akiwa mstaafu. Baadaye akaja Ronin, naye wa Morogoro, kufikia 2025 alishagundua mabomu 109 ya ardhini na silaha nyingine 15 ambazo hazijalipuka, akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness.

Kuna mastaa wenye bodigadi wanne ambao hawajawahi kutajwa na Guinness kwa lolote.

Na siyo mabomu tu. Panya wale wananusa makohozi ya wagonjwa na kukamata kifua kikuu ambacho hospitali ilikikosa kwenye darubini. Sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Miaka ya karibuni wamefundishwa pia kunusa magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za faru na mpingo vilivyofichwa kwenye mizigo, na utafiti huo ulichapishwa 2024. Yaani mnyama aliyefundishwa kwa klika anaweza siku moja kuwaokoa tembo wa Mikumi hiyo hiyo ambayo staa alienda kurushia ndizi. Hakuna panya hata mmoja kati ya hao aliyefundishwa kwa fimbo. Mtu akisema klika haifai Afrika, anatakiwa aende Morogoro akawaambie panya.

Sasa zamu ya dada wa buti ndefu, maana naye ana mzigo wake.

Dada anaongea kana kwamba klika ni rimoti. Dakika tano! Panya wa APOPO, mnyama mwepesi kuelewa, aliyezaliwa mikononi mwa watu, anayefundishwa na mtu ambaye hiyo ndiyo ajira yake, anachukua miezi. Dada kwa punda asiyemjua, kando ya maji yasiyojulikana kina, dakika tano. Hapo amewadanganya wafuasi wake, na uongo wa aina hii ndio unaofanya watu wajaribu siku moja, washindwe, warudi kwenye fimbo wakisema "tulijaribu hayo mambo, hayafanyi kazi."

Ugumu wa kwanza ni muda wa ule mlio. Tik ikichelewa sekunde moja, umemlipa mnyama kwa kitu kingine. Farasi ameinua mguu vizuri, wewe unahangaika na mfuko wa karoti, unabonyeza wakati ameshaushusha. Umemfundisha kushusha mguu. Wanaoanza hukosea hapo wiki nzima bila kujijua, halafu wanamlaumu farasi kuwa kichwa kigumu.

Wa pili ni chakula chenyewe, na kwa farasi huu ni mkubwa kuliko kwa panya. Panya akichangamka sana akikuparua unapaka dawa. Farasi ana kilo 450 au zaidi, ana meno, na ameshagundua mfuko wako una karoti. Anaanza kunusa mfuko, anasukuma kwa kichwa, anatafuna shati, siku nyingine anatafuna bega. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huanza wakiwa wamesimama nyuma ya kizuizi, na somo la kwanza kabisa siyo la kuruka wala kulala chini, ni farasi kugeuza kichwa pembeni, mbali na mfuko, ndipo apate tik. Adabu ya meza kwanza. Ukiruka somo hilo umetengeneza jambazi lenye kwato. Kwenye picha zote za dada hakuna hata moja inayoonyesha hatua hii, kwa sababu haina mvuto, mtu na farasi wamesimama tu wanatazamana na ubao katikati.

Wa tatu, na hapa ndipo dada alipoteleza vibaya kuhusu kile kijito: mnyama aliyeshikwa na hofu kali hali. Ndizi haina maana kwake. Punda yule alikuwa na masikio nyuma na mwili umekaza. Ungempa ndizi kumi asingezigusa. Klika inafanya kazi kabla ya hofu kufika huko juu, kwa vipande vidogo, leo hatua kumi mbali na maji, kesho nane. Kwa njia hiyo imefanya makubwa, kwa kweli. Marekani kuna utafiti wa 2001 ambapo farasi waliokuwa wamegoma kabisa kupanda trela, waliokuwa wakipigwa na kuvutwa kwa kamba, walifundishwa kufuata shabaha na kulipwa kwa klika, wakawa wanapanda wenyewe. Lakini walifundishwa. Hakuna aliyesimamisha gari barabarani akatoa kidude mfukoni.

Wa nne hausemwi sana: je, siku ambayo hakuna ndizi? APOPO wenyewe wanajua shida hii vizuri. Kwenye uwanja wa mabomu halisi, panya akiparua, mkufunzi hajui kama kweli kuna bomu hapo chini. Akimlipa na kumbe hakuna, amemfundisha kudanganya. Kwenye makohozi hali ni hiyo hiyo. Kwa hiyo malipo yanatolewa kwenye sampuli ambazo zimeshajulikana kuwa na ugonjwa, zilizochanganywa humo makusudi, na kwenye mazoezi ya pembeni ambako mabomu yalifukiwa na wao wenyewe. Ni hesabu ngumu, inafanyika kila siku, na ndiyo inayowafanya panya wale waaminike. Klika bila hesabu hiyo ni kelele tu.

Kuna jambo lingine dada alipaswa kulijua kabla ya kuwaambia watu wa Kilosa habari za farasi. Farasi Kilosa hawapo kwa sababu, na sababu yenyewe ni mbung'o. Nzi huyo na ugonjwa wa ndorobo ndio walioamua nani atabeba mizigo katika nchi hii. Henry Stanley alipopita njia hii mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, alitoka Bagamoyo na farasi wawili. Wote wawili walikufa hata Morogoro hajaifikia. Akaendelea na punda, masika yakamkuta kwenye mbuga ya Mkata, huko huko kati ya Morogoro na Kilosa ambako leo SGR inapita kwa raha, na tope likamla punda mmoja baada ya mwingine, huku viboko havikosi. Miaka michache baadaye wamisionari wa London walijaribu magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Saadani kwenda Mpwapwa, ng'ombe wakafa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaleta tembo wanne kutoka India, tembo waliofundishwa vizuri kabisa, wakashushwa Msasani. Ndiyo, Msasani hii hii ya bata za wikiendi. Walipofika Mpwapwa walianza kufa, mizigo mizito na lishe duni, na waliofika Ziwa Tanganyika hawakutosha kuanzisha chochote. Mnyama anaweza kuwa na mafunzo ya kiwango cha chuo kikuu, ukimbebesha kupita kiasi mafunzo hayamsaidii.

Kwa hiyo aliyebaki kubeba ni punda. Kwenye vijiji vya wafugaji wilayani Kilosa, Twatwatwa, Mabwegere na kwingine, punda ndiye bomba la maji la kina mama. Ni madumu kwenda na kurudi, kila siku. Mama mwenye punda anayejua kazi yake hana klika, na hana shida ya kumpiga, kwa sababu punda mwenye vidonda mgongoni habebi maji wiki nzima, na hayo maji atayabeba nani? Ndiyo maana yule mama wa kwenye kichupa aliposema "anaogopa maji" hakuwa anamwonea huruma tu. Alikuwa anatoa taarifa ya kitaalamu.

Maana punda siyo farasi. Farasi akiogopa anakimbia. Punda akiogopa anasimama anafikiri. Watu wakaita ubishi. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, ila kilicho chini kabisa mbele ya pua hakioni vizuri, na maji yanayong'aa jua la jioni hawezi kujua yana kina cha kifundo au cha shimo. Amesimama ili apate muda. Fimbo ya kwanza inamwambia kwamba ni kweli, mahali hapa ni pabaya, tazama sasa hivi panauma. Ya pili inathibitisha. Ya tatu imeshamfundisha kwamba kijito kinauma, na somo hilo staa hakuondoka nalo, limebaki kwa mama atakayemhitaji punda huyo huyo kuvuka hapo hapo keshokutwa.

Kichupa kina sekunde chache ambazo team nzima ya staa haikuziona, na dada wa buti naye hakuziona, kwa sababu kila mtu alikuwa anatazama miwani. Mama anaingia kutoka kulia. Anachukua kamba. Havuti. Anaishika ikiwa imekaza kidogo tu, anasimama yeye ndani ya maji, miguu inaonekana mpaka kifundoni, anasubiri. Punda anapeleka uzito mbele, hajapiga hatua bado, ameegemea tu mbele, na saa hiyo hiyo mama analegeza kamba. Anasubiri tena. Hatua moja, kamba inalegezwa, sauti ya chini. Hatua ya pili. Halafu kichupa kinakatwa, na kinachofuata staa ameshapanda yuko ng'ambo ametanua mikono.

Alichofanya mama ni ile njia ambayo watu wa farasi duniani kote wameitumia karne na karne: unakaza kidogo, mnyama akijibu unalegeza mara moja, kulegeza ndiyo malipo. Siyo klika, wala siyo fimbo. Ina hatari zake, maana asiyejua kulegeza anabaki anakaza tu, na akikaza zaidi ameshafika kwenye kupiga. Lakini ikishikwa na mkono unaojua, inafanana na klika kuliko watu wa klika wanavyotaka kukubali. Zote mbili zinategemea sekunde ile moja. Mama aliipata sekunde hiyo mara mbili mfululizo bila kidude chochote, na hakuna aliyemtag.

Sheria nayo ipo, kwa wanaodhani hili ni suala la mahaba tu. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili kwa wanyama, na punda yumo. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, kwa sababu punda walikuwa wanaisha na kina mama wanabaki na madumu kichwani. Bara zima limekaa kikao kwa ajili ya mnyama huyu. Staa amemcharaza kwa ajili ya korasi.

Turudi Mikumi, kwa sababu kile kipande cha mwisho ambacho watu wamekiita "cute" ndicho kibaya zaidi.

Kilomita 50 hivi za barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia zinapita katikati ya hifadhi. Ndiyo maana kuna matuta, kuna vibao vya mwendo, 70 mchana na 50 usiku, na kuna vibao vya faini kwa anayegonga mnyama. Kulisha wanyama ndani ya hifadhi ni marufuku. Kila aliyewahi kupanda basi la kusini anajua nyani wa pale wanavyokaa pembeni ya lami kama machinga wanaosubiri basi lisimame. Nani aliwafundisha? Abiria. Dirisha linafunguka, ganda la ndizi, kipande cha mkate, biskuti. Breki ikilia ndiyo tik yenyewe. Gari limepunguza mwendo, malipo yanakuja.

Na hawalipwi kila gari, ndiyo balaa lake. Skinner alishaonyesha zamani kwamba mnyama anayelipwa kila mara, ukiacha kumlipa anaacha mapema. Anayelipwa mara moja moja, bila mpangilio, leo basi la tatu, kesho la kumi na moja, huyo haachi. Anaendelea kusubiri hata baada ya magari hamsini kupita bure. Ni mpango ule ule unaomfanya jamaa abeti kila Jumamosi kwa sababu mkeka ulitiki mara moja mwezi wa pili. Kwa hiyo nyani wa Mikumi wamepata mafunzo ya hali ya juu kabisa, yasiyofutika kirahisi, ya kukimbilia magari. Wanafunza na watoto wao hapo hapo juu ya lami, na malori ya mafuta hayana breki za kubembeleza.

Kwa hiyo staa anayesema "mnyama haendi bila kiboko" alitumia siku ile ile, kwa mkono ule ule, mafunzo ya zawadi, tena yakamfanyia kazi vizuri mno. Dume lilipanda boneti ndani ya ndizi nne. Alikuwa na klika ya ndizi mkononi akaipeleka mahali pekee ambapo haitakiwi kabisa, na penye kuitaka akapeleka fimbo. Wapenzi wa klika nao wanyamaze kidogo hapa, maana huwa wanapenda kusema njia yao haiwezi kumdhuru mnyama. Inaweza. Ile ndizi haikuwa na maumivu yoyote, na itaua nyani wengi kuliko ile fimbo itakavyoua punda.

Kwani staa mwenyewe hajafundishwa? Simu inalia "ting", anageuza shingo. Like elfu tatu leo, kesho mia nane, keshokutwa elfu arobaini. Akiimba vizuri, kimya. Akimpiga punda, ting ting ting. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini wanaomlipa ndio wanaomfundisha, na kila aliyeweka kikatuni cha kucheka chini ya zile fimbo tatu alikuwa ameshika klika bila kujua. Wiki hii vijana wawili wengine wameshapakia vichupa vyao wakirusha vitu kwa nyani wa Mikumi, mmoja chipsi, mwingine soda ya kopo. Wanataka ting yao.

Uongozi wa staa umetoa kauli moja tu mpaka sasa, kwamba "ilikuwa sanaa." Sawa. Kichupa kishushwe, kile cha Mikumi kabla ya kile cha Kilosa, kwa sababu kile cha Mikumi ndicho kinachoigwa. Mama alipwe upya, kwa sababu kazi aliyoifanya kwenye zile sekunde chache ni ya mkufunzi, na alilipwa kama mwenye kukodisha. Jina lake liwekwe kwenye video akitaka. Na dada wa buti, akiwa na nafasi wikiendi moja, SGR inasimama Morogoro kabla ya Kilosa; aanze kwa panya, amalizie kwa yule mama.